Mayai ya Hoteli

Katika Rhotia nzima hapakuwa na mwanamume aliyejua yai kama Tluway, na kama kuna aliyesahau jambo hilo, Tluway mwenyewe alikuwa tayari kumkumbusha. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya banda lake la kuku, kartoni lenye tundu amelielekeza juani, anamulika mayai yaliyokwisha kulaliwa juma zima. Majirani wawili waliokuja kuulizia vifaranga walikuwa wamechuchumaa mbele yake kama watoto wa katekisimu.

"Hili maji matupu," alisema Tluway. "Na hili maji matupu. Na hili. Yai lenye kitu utaona mishipa myekundu kama mizizi. Hapa unaona nini? Uji."

"Sasa hapo, bwana Tluway, si unamchinja huyo koo?" aliuliza jirani mmoja.

Tluway alicheka puani. "Ndiyo maana kuku wenu hawaishi. Koo ana kosa gani? Ametaga, amelalia, amekonda mpaka mifupa inachoma. Yai moja likiwa maji, sema bahati mbaya. Yakiwa maji yote, unamshika jogoo. Unabadilisha jogoo kwanza, koo baadaye. Haya mambo nilifundishwa kozi, sikuyaota."

Germana, mkewe, alikuwa amesimama nyuma yake na kapu, akipokea yai moja moja. Maneno hayo aliyasikia kila msimu wa kulalia, na kila msimu alisubiri aone kama yatapanda kutoka mdomoni mwa mumewe mpaka kichwani mwake. Miaka tisa ya ndoa, yalikuwa hayajapanda.

Mwaka huo mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena. Magari ya watalii yalianza kupita Rhotia yakipanda Ngorongoro, na hoteli moja ya ukingoni mwa kreta ikawa inanunua mayai yote ya Tluway. Kila Ijumaa gari lake lilisimama barabarani, trei zikapandishwa, na Tluway akarudi nyumbani akitembea kama aliyepanda yeye. Kazi ya kufagia banda, kuchota maji na kuwatoa kuku usaha wa macho ilikuwa ya Germana. Kazi ya kusema "kuku wangu" ilikuwa ya Tluway.

Yai lenyewe Germana hakuonja. Mama mkwe wake, Leonida, alikuwa ameweka mwiko: mwanamke anayetafuta mtoto hali yai, linamfunga kizazi. Ajabu ya mwiko huo ni kwamba ulizaliwa mwaka uleule hoteli ilipoanza kununua. Kabla ya hapo, mayai yalipokosa mtu, Germana aliyala ya kuchemsha na ya kukaanga, na kizazi chake hakikusemwa lolote.

Majirani walipoondoka, Leonida alitoka ndani akiwa amebana ugoro kati ya vidole viwili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Wewe, Germana."

Wanawake wote wa umri wake pale kijijini waliitwa kwa majina ya watoto wao. Mke wa Piusi, mdogo wake Tluway, aliyeishi ng'ambo ya uzio na watoto sita, alikuwa Mama Lukresia, hata mwenyewe alikuwa anaanza kulisahau jina alilobatizwa, Cresensia. Germana peke yake ndiye aliyebaki na jina lake, limekauka kama jembe lisilo na mpini.

"Abee, mama."

"Jumapili ya baada ya Pasaka tunakaa. Ndugu wanakuja, mjumbe anakuja. Mwanangu hawezi kuzeekea kwenye nyumba isiyo na mtoto wa kumletea hata kiberiti. Utarudi kwenu kwa heshima, mikeka yako utachukua. Hatukufukuzi."

Tluway alikuwa hapo hapo. Aliinua yai jingine akalitazama juani, kana kwamba ndani yake mna habari za dunia.

"Na wewe unasemaje?" Germana alimwuliza.

"Mama ameshasema," alijibu Tluway. "Hili nalo maji."

*

Hospitali ya misheni ilikuwa na tabibu aliyeitwa Moringe, Mmasai wa Olbalbal, masikio yametogwa na yananing'inia juu ya kola ya koti jeupe. Watu wa Rhotia walimwita daktari walipoumwa na Mmasai walipopona. Germana alikuwa akienda kwake tangu masika yaliyopita, kwa miguu, akisema nyumbani kwamba anakwenda kusaga, na ile safari moja ya Moshi aliiita msiba wa kwao.

"Karibu, mama," alisema Moringe.

Hapo ndipo mahali pekee alipoitwa hivyo. Wanawake wote waliokaa kwenye lile benchi waliitwa mama, lakini yeye kila mara aliliweka neno hilo mahali pake ndani ya kifua, kama mtu anayeficha kipande cha sukari.

"Wananirudisha kwetu baada ya Pasaka," alisema. "Niongezee vidonge. Nipe hata viwili kwa mpigo."

Moringe alitikisa kichwa. "Vidonge vile vinakomaza yai, na yai lako linakomaa. Joto ulilokuwa unapima asubuhi linaonyesha. Mirija walikupiga picha Moshi, iko wazi. Sasa nikikuongezea nitakuwa namwagilia shamba wakati sijui kama kuna mbegu." Akamtazama. "Bado unavuta ule moshi wa mama mkwe?"

"Anasema unapasha tumbo joto. Anachanganya na tumbaku."

"Acha leo. Tumbaku inachosha mayai. Unakula nini?"

"Ugali na mboga."

"Maziwa?"

"Yanauzwa."

"Mayai si mnafuga kuku?"

"Yanakwenda hotelini. Na nimewekewa mwiko."

Moringe aliweka kalamu mezani. "Kwa hiyo Mjerumani anakuja kuangalia faru, anakula chakula chako." Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuvuta maneno, kama mtu anayechunga ng'ombe wasiharakishwe. "Sikiliza, mama. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote tumboni. Hayatengenezwi mengine. Yanazeeka naye, na njaa inayachosha, na tumbaku, na maradhi yaliyoachwa bila dawa. Wewe una miaka thelathini na nne. Bado yapo, bado mazuri. Lakini hayatawasubiri wewe na wazee mmalize vikao. Mwaka unaopotea haurudi, hata nikikupa kabati zima la dawa."

Germana alitazama mikono yake. "Na yeye?"

"Ndiyo nakuja huko. Tangu masika nakuambia umlete. Nusu ya kazi ni ya kwake, na hatujampima hata siku moja. Umemeza vidonge mpaka kichwa kimetaka kupasuka, umelala chini ya mashine Moshi, yeye hajavua hata kofia." Alifungua kabati akatoa kichupa cheupe chenye kifuniko cha kubana. "Hiki kimechemshwa. Aje atoe mbegu hapa, chumba kipo. Akiona haya, atoe nyumbani, akiweke kwapani kisipigwe na baridi, akilete upesi. Basi. Hakuna sindano, hakuna kisu."

*

Tluway alikigeuza kile kichupa mkononi kana kwamba ni mdudu.

"Nikamwonyeshe Mmasai?"

"Ni daktari."

"Mmasai anajua ng'ombe." Alisimama, akavuta suruali juu. "Nitazame. Napanda baiskeli mpaka Karatu na trei za mayai mgongoni, sipumziki hata kwenye kilima. Hapo kuna ugonjwa gani?"

"Baiskeli haizai," alisema Germana.

"Mama! Unamsikia?"

Leonida alikuwa anasikia tangu mwanzo. Alisema katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyewahi kupimwa, na wote walizaa, na kwamba mwanamke akishaanza kumpeleka mumewe hospitali kwa mambo ya chini, kinachofuata ni kumvalisha kanga. Alisema mengi. Kisha akamaliza kwa kukichukua kile kichupa kutoka mkononi mwa mwanawe.

Siku ya pili Germana alikikuta dirishani kimejaa ugoro.

"Kifuniko chake kizuri," alisema Leonida. "Hauingii umande." Na ni kweli, mwaka huo wa kukosa sabuni na kukosa sukari, kichupa chenye kifuniko kilikuwa mali. Kitendawili cha nyumba ile ni kwamba kila kitu kizuri kilichoingia kilipata kazi, isipokuwa kazi kiliyoijia.

Lakini juma hilo hilo Tluway alibadilika. Alianza kupiga mbinja bandani. Jioni moja akamwambia Germana, bila kuulizwa, kwamba amefikiri na atapima, ili watu wasije kusema anaogopa. "Nitapima, na majibu yatasomwa mbele ya kikao. Halafu tuone nani atakuwa na la kusema."

"Nikupeleke?"

"Mimi mtoto?"

Asubuhi iliyofuata Germana alipowamwagia kuku pumba, aliona mtetea wa madoa hayupo. Alikuwa mtetea wake mzuri kuliko wote, aliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kuliwa na kicheche. Alimkuta ng'ambo ya uzio, amefungwa mguu kwenye mti wa mparachichi wa Piusi, na Cresensia anamtazama kana kwamba ameanguka kutoka mawinguni.

"Shemeji katupa," alisema Cresensia. "Sijui kaota nini."

Germana naye hakujua. Tluway hakuwa mtu wa kumpa ndugu yake hata yai lenye ufa. Alikuwa bado anawaza hayo alipomwona mumewe anatoka kwa Piusi, koti amelifunga mpaka shingoni, mkono mmoja umeshikilia kitu upande wa kifua.

"Nilikwenda kuazima pampu," alisema Tluway, akapanda baiskeli ambayo magurudumu yake hayakuwa na shida yoyote, akaelekea hospitali.

*

Majibu alitumwa Germana akayachukue. Tluway alisema ana kazi.

Moringe alimkaribisha, akafunga mlango, akakaa upande uleule wa meza aliokaa Germana.

"Nitakuambia nilichoona. Mbegu zipo, na ni nyingi. Lakini zimekufa zote. Hata moja haitikisiki."

 Katika miaka ile tisa Germana alikuwa ameifikiria siku hii, akadhani itakuwa na furaha ndani yake. Haikuwa nayo. Ilikuwa kama kufika dukani ukakuta rafu tupu na kuambiwa mwizi amekamatwa.

"Kuna jambo lakini silipendi," aliendelea Moringe. "Nilikupa kichupa cheupe. Mume wako ameniletea hiki." Akafungua droo akatoa chupa ya kahawia, shingo fupi, na ubavuni karatasi iliyobanduka nusu, iliyobaki na kichwa cha kuku na upanga wake mwekundu wa utosini.

Germana aliitambua kabla haijafika mezani. Ilikuwa inakaa juu ya boriti ya banda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinyunyiza kwenye viota.

"Hiyo ni dawa ya chawa," alisema. "Chawa wa kuku."

Wakatazamana, kisha Germana akaanza kucheka, akacheka mpaka akaziba mdomo na ncha ya kanga, na Moringe naye akageukia dirishani mabega yakimtikisika.

"Kwa dawa hii," alisema tabibu alipopata sauti, "hata dume bora la Olbalbal ningemwandika tasa. Kipimo hiki hakisemi kitu, mama. Si kizima wala si kibovu. Chukua chupa yenu, mrudishie. Mwambie aje mwenyewe, kwa miguu yake, atoe hapa hapa. Na aje upesi."

Nyumbani Tluway alimwona anaingia, akanyoosha kiganja kumzuia.

"Usiniambie. Utasema Jumapili, mbele ya watu. Usipunguze, usiongeze."

"Nilikuwa nataka nikuambie habari ya chupa…"

"Nimesema Jumapili."

Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya mtihani kwa daftari la jirani na anajua jirani ana akili. Germana akaiweka ile chupa ndani ya kapu lake, chini ya mtama, akaenda kupika.

*

Jumapili ile walikuja watu wachache, lakini walikunywa kama wengi. Aliyekalia kiti chenye mgongo alikuwa Mzee Raphaeli, mjumbe wa nyumba kumi, ambaye hakuna kikao alichowahi kukikosa kama kulikuwa na pombe, wala alichowahi kukumbuka kesho yake. Piusi alikaa karibu na mlango, anatazama miguu yake. Cresensia alikuwa akipita na kata ya pombe, mtoto mchanga mgongoni.

Germana aliwekwa kwenye mkeka katikati, kapu lake ubavuni, kama kitu kinachouzwa.

Leonida ndiye aliyefungua. Alisema jinsi walivyomwoa Germana kwa kanisa na kwa ng'ombe, jinsi alivyolishwa na kuvishwa, na jinsi tumbo lake lilivyokaa miaka tisa bila hata kutania. Alisema majani aliyomtafutia, moshi aliomfukizia, mayai aliyomnyima kwa faida yake mwenyewe.

"Sasa mwanangu," alimaliza, "amekubali kupimwa kama mhalifu. Amepimwa. Mwenye majibu ni huyu. Aseme."

Tluway alikunja mikono kifuani. "Sema. Mzee mjumbe asikie."

"Niseme yote?"

"Yote."

"Daktari alisema mbegu zipo nyingi," alisema Germana, "na zimekufa zote."

 Mzee Raphaeli akashusha kata. Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

"Anasema uongo," alisema Tluway.

"Nenda ukamwulize."

"Haiwezekani." Tluway alikuwa amesimama, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Haiwezekani, nakwambia. Kufa zote vipi? Zile si zangu. Zile ni za Piusi."

Alisikia mwenyewe alichosema baada ya watu wote kusikia. Germana alimwona mtetea wa madoa, mguu umefungwa kwa kamba, na safari ya pampu, na mbinja bandani, vyote vikiingia mahali pake kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo ndivyo. Alikuwa amemeza dawa mwaka mzima kwa ajili ya mtu aliyemnunua mdogo wake kwa kuku mmoja, tena kuku si wake.

Lakini watu hawakuwa wanamtazama yeye tena. Walikuwa wanamtazama Piusi, mwenye watoto sita na mbegu zilizokufa zote. Na Piusi, polepole, kama ng'ombe anayegeuzwa kwenye njia nyembamba, alikuwa ameanza kumtazama mke wake.

Cresensia alisimama katikati ya nyumba na kata mkononi. Leonida alimwendea, akafunua kanga mgongoni mwake, akamtazama mtoto mchanga masikio, akamtazama pua.

"Lukresia nilisema tangu zamani hana rangi ya kwetu," alisema Leonida.

"Mama," alisema Cresensia. 

"Watoto wa nani hawa?" Piusi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ya mtu anayepiga kelele, na ya kuogofya zaidi.

Germana alikaa kwenye mkeka wake akatazama. Alikuwa na jambo lake na Cresensia. Mtoto huyu huyu alipozaliwa, naye Germana alipokwenda kumpongeza, Cresensia alimfunika mtoto uso kwa kanga, kwa hofu ya jicho la mwanamke asiyezaa, kisha akajifanya ni kwa ajili ya nzi. Hapakuwa na nzi. Sasa ingetosha Germana anyamaze tu. Asingesema uongo wowote. Angenyamaza mpaka pombe iishe, na kesho wangekuwa wawili wa kurudishwa kwao, pengine kwa njia moja.

Cresensia alikuwa ameiinamisha kata bila kujua, pombe inamwagika kwenye miguu yake.

Germana aliingiza mkono kwenye kapu, chini ya mtama, akatoa ile chupa ya kahawia akaisimamisha juu ya mkeka.

"Shemeji Piusi, kaa chini," alisema. "Mbegu zako hazina kosa. Kaka yako alizitia humu."

Mzee Raphaeli aliinama akaisogeza kwenye mwanga. Hakujua kusoma sana, lakini kichwa cha kuku alikijua. "Si dawa ya chawa hii?"

"Ndiyo. Kichupa cha hospitali kiko pale dirishani, mama anawekea ugoro. Daktari anasema aliyetia kitu humu, hata angekuwa dume la ng'ombe, kingekufa njiani. Kipimo hiki hakimwambii mtu yeyote kitu chochote. Watoto sita ni wa baba yao. Lukresia ana pua ya mama hapa. Atazameni, msimtafutie baba barabarani."

Watu walimtazama Leonida pua. Piusi alikaa. Alikaa kama mzigo unavyotuliwa, akafunika uso, na kama kuna aibu kubwa kuliko ya mwanamume aliyekuwa tayari kumtupa mkewe kwa ajili ya chawa wa kuku, nyumba ile ilikuwa haijaiona.

"Sasa tumerudi kwangu," alisema Germana. Hakuinua sauti. "Kitendawili."

Hakuna aliyeitikia. Wazee walitazamana.

"Hapa si mahali pa michezo ya watoto," alisema Leonida.

"Tega," alisema Cresensia. Alikuwa bado amesimama palepale, machozi hayajakauka, lakini alilisema kwa sauti ya kusikika.

"Debe langu kila siku linarudi tupu kutoka kisimani. Watu wote wanalipiga, wanalitukana, wanalitoboa kulitafutia tundu. Hakuna aliyechungulia kisima."

Mzee Raphaeli alipikicha macho. Tluway alikuwa anaitazama ile chupa.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Nakupa Karatu," alisema Cresensia.

"Nimepokea Karatu. Nimekwenda, nimekaa, watu wa Karatu wamenikaribisha vizuri. Jibu si mnalo? Mwenyewe huwafundisha kila msimu, hapo nje, bila malipo." Akamgeukia mumewe. "Mayai yakiwa maji yote, bwana Tluway, unamshika nani?"

Mmoja wa wale majirani wa vifaranga alikuwamo kikaoni. Ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikapita kwenye mabenchi kama moto kwenye majani makavu, hata Mzee Raphaeli akafuta macho, akasema, kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, kwamba kikao kimeona ni vema Tluway aende hospitali mwenyewe, na mke asiguswe mpaka hapo.

"Siendi," alisema Tluway.

"Ni chumba tu," alisema Germana. "Na mlango unafungwa. Nitakusindikiza mpaka getini, hakuna atakayekuona." Katika sauti hiyo kulikuwa bado na kitu cha kuombea, cha mwisho, na kila mwenye masikio alikisikia.

"Siendi kuchezewa na Mmasai. Nitaoa mwanamke mwingine. Huyo ndiye atakuwa kipimo."

Germana alimtazama kwa muda. Alikuwa anamulika. Alimgeuza huku na huku kwenye mwanga, akatafuta hata mshipa mmoja mwekundu.

*

Ijumaa trei zilikuwa zimepangwa mlangoni tangu asubuhi, tayari kwa gari la hoteli. Tluway alikuwa bandani anafunga mlango, Leonida amekaa kizingitini na kichupa chake cheupe. Germana alitoka ndani amevaa gauni la kanisani. Aliinama kwenye trei ya juu, akachagua mayai mawili, makubwa, akayapeleka jikoni.

"Hayo ya hoteli," alisema Leonida.

Germana alitia maji sufuriani, akachochea kuni. Akasubiri yachemke. Alipoyaopoa alikaa mbele ya mama mkwe wake, kwenye kigoda cha Tluway cha kumulikia, akamenya la kwanza taratibu, akalichovya kwenye chumvi.

"Unajifunga kizazi," alisema Leonida, lakini sauti ilikuwa imepungua urefu.

Germana alitafuna. Kiini kilikuwa cha rangi ya mahindi mapya, na kwa sababu ni yeye aliyewalisha kuku wale, alijua ni kwa sababu gani. Akala na la pili. Tluway alikuja akasimama, akaona maganda, akaona trei yenye mapengo mawili, na jambo la kwanza lililomtoka mdomoni miaka tisa ikimwondokea lilikuwa hili:

"Gari likija nitawaambia nini?"

"Waambie umehesabu vibaya."

Alifunga kapu lake. Uzioni Cresensia alikuwa anamsubiri, mtoto mgongoni uso wazi, na mtetea wa madoa kwapani, ameshamfungua kamba.

"Mchukue, dada. Si wetu."

Germana alimpokea. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akamgusa mtoto shavuni kwa nyuma ya kidole, na Cresensia hakumsogeza.

"Unakwenda wapi na kuku?" Leonida aliita nyuma yake.

"Karatu, mama," alisema Germana. "Nilipewa."

Hospitali ilikuwa njiani. Alipita akamwambia Moringe kwamba mume hakuja, na kwamba vidonge vilivyobaki wampe mwenye mume. Tumbaku ameacha. Mayai ameanza kula. Tabibu akamwuliza atafanya nini, naye akasema ataanza na kuku mmoja, mengine atayajua akifika. Ana miaka thelathini na nne na hana ya kupoteza.

Huko nyuma, katika banda la Tluway, jogoo mkubwa, yule wa mayai ya maji, alipanda juu ya boriti ilipokuwa inakaa dawa ya chawa, akawika. Hakuna aliyemfuata huko kumbadilisha.